UZI: Ushirika wa nishati kwa wakulima wa Unguja na Pemba – hesabu zake, mitambo yake na yanayoukwamisha

KisimaKirefu
Assalaam alaykum ndugu zangu.

Vikundi vya kilimo vinavyotaka kuweka sola kwa pamoja ni vingi sasa: wa mboga, wa mpunga wa mabondeni, wa mwani, wenye mashine za kukoboa. Swali linaloanza huwa "tunahitaji paneli ngapi?" na hilo lilitakiwa liwe la mwisho. La kwanza ni kazi gani itakayokula umeme huo saa nne asubuhi, saa saba mchana na saa tisa alasiri, na kwa siku ngapi za mwaka.

Tuelewane kwanza. Ushirika wa nishati ni wanachama kununua hisa, kumiliki mtambo wao, na kujiuzia huduma kwa bei waliyoipanga wenyewe. Si lazima uzalishe umeme. Kuna unaouza maji, kukoboa au barafu kutoka mtambo wake. Kuna unaovuta laini ya ZECO (shirika la umeme la Zanzibar) ya fezi tatu kwa pamoja, mita ya tukuza (ya kulipia kabla) moja, wanachama wote chini yake. Na kuna unaonunua vifaa kwa jumla na kuajiri fundi mmoja wa wote. Wengi wanaukimbilia wa kwanza hata pale ambapo wa pili ungewatosha kwa gharama ndogo zaidi.

Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya wa baharini, Ras Kiromoni hadi Fumba. Wa kwanza ni wa 1980, wa pili wa megawati 100 ulikuja 2013. Pemba ilikuwa inakwenda kwa majenereta ya dizeli ya Wesha hadi 2010, ulipoingia waya wa kilovolti 33 kutoka Tanga kwa Ras Mkumbuu. Kiza cha mwezi mzima cha 2008 Unguja, na kile cha miezi mitatu kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, kila mwenye jokofu la samaki au pampu anavikumbuka. Lakini kwa mkulima tatizo la kila siku ni jengine: laini inapita barabarani na bonde liko chini huko, au kisima kiko mbali na nguzo.

Hesabu ya pampu ya mboga:

1. Maji. Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10. Tungule, bilingani na pilipili hunywa milimita 4 hadi 5 kwa siku wakati wa kiangazi, kwa hivyo eka moja ni kama mita za ujazo 20 kwa siku. Eka tatu ni 60. Mpunga wa kumwagilia ni mara mbili ya hapo au zaidi, maana maji yanazama pia.

2. Kimo. Usihesabu kina cha kisima, hesabu kina cha maji. Tuseme maji yako mita 14, yanashuka mita 3 pampu ikifanya kazi, tangi liko juu mita 5, msuguano wa mabomba mita 3. Jumla mita 25.

3. Nishati. Mita za ujazo mara kimo mara 0.002725 ndiyo kilowati-saa za maji yenyewe: 60 × 25 × 0.002725 ni kama 4.1. Pampu, mota na kontrola (kifaa kinachoongoza pampu) pamoja hufanya kazi kwa asilimia 40 hivi, kwa hivyo unahitaji kilowati-saa 10 kwa siku.

4. Sasa paneli. Chukua saa 4.5 za jua kamili, usichukue siku nzuri, na toa robo kwa joto, vumbi na waya. 10 ÷ (4.5 × 0.75) ni kama kilowati 3. Paneli sita za wati 550 zinatosha.

Betri hapo hazina kazi. Weka maji kwenye matangi, matatu ya lita 10,000. Tangi haliwi bovu kwa joto la Februari, betri ya asidi inakuwa: kila nyuzi 10 juu ya 25 umri wake unakatika nusu.

Karibuni.

---

Tungule_Kwanza
Shukran mwenye uzi. Sasa kwa nini kila mtu asiweke kapampu kake na paneli zake mbili? Ushirika maana yake vikao, na vikao maana yake ugomvi wa zamu.

---

KisimaKirefu
@Tungule_Kwanza kwa mwenye kisima cha mkono cha mita sita na nusu eka, afanye hivyo, yuko sawa kabisa. Ushirika una maana pale kifaa kikiwa kikubwa kuliko shamba la mtu mmoja. Kisima cha kuchimba kwa mashine hakigawanyiki. Transfoma haigawanyiki. Fundi anayejua kusoma msimbo wa hitilafu kwenye kontrola halipwi na mtu mmoja mwenye eka moja.

Na visima vingi vidogo vilivyobanana vinashushiana maji. Hilo atalieleza mtu wa maji akipita.

---

MhasibuMwaminifu
Nataka watu waione hesabu ya fedha kabla ya kuchangishana. Namba hizi ni za mfano, mtu aweke zake.

Tuseme pampu na kontrola ni shilingi milioni 6, na vinakaa miaka 6. Hiyo ni milioni 1 kila mwaka ya kuweka akiba ili vinunuliwe vyengine. Mlinzi na msimamizi wa mtambo kwa pamoja 150,000 kwa mwezi, ni milioni 1.8 kwa mwaka. Usafi, viunganishi, nauli ya fundi, 400,000. Jumla milioni 3.2, bila deni.

Ukipiga maji mita za ujazo 60 kwa siku, siku 200 za mwaka, unauza mita 12,000. Kila moja inagharimu shilingi 267. Ukipiga siku 300 ni mita 18,000, na bei inashuka hadi 178.

Sasa linganisha na jenereta. Ile dogo inakula kama lita 0.45 kwa kilowati-saa. Kilowati-saa 10 ni lita 4.5. Kwa lita ya 3,000 ni 13,500 kwa mita 60, yaani shilingi 225 kwa mita, mafuta peke yake kabla ya oili na matengenezo. Kwa siku 200 sola ya ushirika haijaonesha tofauti ya maana. Kwa siku 300 imeishinda wazi.

Jambo lote liko hapo. Jua halitozi, lakini kila kilichobaki kinatoza hata pampu ikiwa imelala. Masika yakiingia Machi hadi Mei hakuna anayenunua maji, mlinzi yuko pale pale, na kontrola inazeeka. Ushirika wenye kazi moja tu unalipia miezi mitatu ya kukaa bure. Wenye kazi mbili, maji kiangazi na kusaga, kukoboa au barafu msimu wa mvua, ndio unaoweza kupanga bei anayoimudu mkulima.

---

Stima_na_Mota
Mhasibu amelipata. Lakini kukoboa mpunga si kazi ya kuunganisha tu kwenye paneli za pampu, jamani.

Mashine ya kukoboa ya kawaida ina mota ya kilowati 11, farasi 15. Ikishakolea inavuta ampea 22 hivi kwa kila fezi. Lakini ikiwashwa moja kwa moja inaruka hadi ampea 130 au 150 kwa sekunde chache. Transfoma ya kijiji ya kVA 50 uwezo wake ni ampea 72 tu. Ndiyo sababu taa za shehia nzima zinafifia mashine ikiwashwa, na ndiyo sababu jirani wanalalamika kwa sheha.

Dawa ni stata ya sta-delta, kifaa cha kuwasha mota kwa hatua mbili, inashusha mruko hadi theluthi, ampea 45 hadi 50. Ila na nguvu ya kuzungusha inashuka hadi theluthi, kwa hivyo mashine iwashwe tupu. Mpunga uingie baada ya stata kubadilisha. Mwendeshaji anayefungua faneli ya mpunga kwanza ataunguza mota, na lawama atapewa fundi.

Kuendesha mota hiyo kwa jua tupu bila betri unahitaji paneli za kilowati 15 na zaidi pamoja na kifaa cha kurekebisha kasi, na wingu likipita mashine inasimama na mpunga ndani yake. Kwa maeneo yenye laini karibu, kama mabonde ya Cheju, Kibokwa au Mtwango, rai yangu ni hii: mashine ya kukoboa ikae kwenye fezi tatu za ZECO kwa mita ya ushirika, pampu zikae kwenye jua. Msilazimishe kila kitu kiwe sola kwa sababu mfadhili anapenda picha ya sola.

Na pimeni volti mwisho wa laini saa za magharibi kabla hamjanunua mota. Palipo na 340 badala ya 400 mota inavuta ampea zaidi, inapata moto, na koili zinaungua ndani ya msimu mmoja. Kinga ya kukosa fezi moja ni kifaa kidogo, bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na kusuka mota upya. Sijui kwa nini watu wanakiruka.

---

Bi_Mwani
Naomba kuongezea upande wetu wa pwani, maana tukisema kilimo watu wanasahau mwani.

Kikundi kinachotaka kutoka kwenye kuuza mwani mkavu wa kilo kwenda kwenye unga na sabuni kinahitaji mashine ya nyundo, mota ya kilowati 5.5 au 7.5. Wanakosea kwenye ukavu. Mwani wa kusafirishwa huuzwa ukiwa bado na unyevu wa asilimia 35 hivi, unapinda kama mpira. Huo ukiingia kwenye mashine unaziba chekeche, mota inazidiwa, fyuzi inakata, na watu wanasema umeme mdogo. Umeme hauna kosa. Kwa kusaga uoshwe maji baridi kutoa chumvi, ukaushwe tena kwenye kaushio la nailoni mpaka ukikunjwa unavunjika, na usagwe siku hiyo hiyo kabla ya usiku, kwa sababu chumvi iliyobaki inavuta unyevu wa hewa.

Chumvi hiyo hiyo inakula chekeche la chuma. Liwe la stenlesi, na mashine ifutwe kwa kitambaa kikavu kila jioni.

Na kusaga mwani ni kazi ya saa za mchana kabisa. Ushirika wa sola ukituuzia saa tano hadi tisa, sisi ndio wateja wa miezi ambayo wakulima wa tungule hawahitaji maji. Mtuingize kwenye mpango tangu mwanzo, msituletee mwaliko siku ya uzinduzi.

---

Mkarafuu_Wete
Na karafuu je? Mvua ya vuli inaharibu karafuu majamvini. Sola hii haiwezi kukausha?

---

Stima_na_Mota
@Mkarafuu_Wete paneli za umeme kwa joto, hapana. Kilo 100 za karafuu mbichi hutoa kama 33 kavu, maana yake kilo 67 za maji ziondoke. Kila kilo ya maji inataka karibu kilowati-saa 0.68 za joto, jumla kama 46 kabla hujahesabu joto linalopotea, na linapotea kama jengine hilo. Paneli sita za pampu zinatoa 10 kwa siku.

Kaushio la nailoni lenye meza za chandarua, jua lenyewe liwe ndiyo joto, na feni ndogo za wati 20 hadi 50 za kutoa hewa yenye maji. Umeme unaotakiwa hapo ni wa paneli moja. Bila feni mvuke unaganda juu ya nailoni na unadondoka tena kwenye karafuu, zinaota ukungu na kuwa nyeupe nyeupe. Msiweke joto la kuni chini yake, moshi unashusha daraja.

---

Maji_ya_Chini
Nimeitwa huko juu, nami nasema kwa msisitizo.

Sehemu kubwa ya visiwa vyetu maji baridi yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba wa maweni. Kanuni ni kwamba kila mita moja ya maji baridi juu ya usawa wa bahari inashikilia mita kama 40 chini yake. Kinyume chake ndicho cha kutisha: ukiyashusha maji sentimita 10 kwa kuvuta, chumvi inaweza kupanda mita 4. Ikishaingia kisimani haitoki kwa mvua ya mwaka mmoja.

Pampu ya dizeli ilikuwa inajizuia kwa bei ya mafuta. Ya jua haina breki, itavuta kutoka asubuhi mpaka alasiri kwa sababu haimgharimu mtu kitu. Kwa hivyo ushirika ufanye haya:

Pampu iwe ndogo na ivute saa nyingi, isiwe kubwa ya saa mbili. Kabla ya kununua, pigeni maji kwa kipimo cha kazi saa 24 mfululizo na kuandika kimo kila nusu saa. Kisima kikiendelea kushuka bila kutulia, kipimo hicho ni kikubwa. Kipima chumvi cha mkononi kinunuliwe pamoja na pampu, na namba iandikwe daftarini kila wiki. Maharage yanaanza kupunguza mavuno kwenye 0.7 desisimensi kwa mita, vitunguu 0.8, tungule 1.7, mpunga 2.0. Ikianza kupanda wiki baada ya wiki, punguzeni saa za kuvuta mapema, msisubiri majani yaungue kingo. Swichi ya kuelea tangini na kinga ya kisima kukauka ziwekwe zote mbili. Tangi linalomwagika usiku ni chumvi ya kesho.

---

Sheria_na_Shehia
Vikwazo ambavyo havionekani kwenye waya ni ardhi, leseni na mkopo.

Ardhi ya Zanzibar ni ya umma. Wakulima wengi wako kwenye eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, haki yao ni ya kutumia. Benki haiwezi kuichukua eka ile kuwa dhamana kama inavyochukua nyumba ya mjini. Pia mara nyingi mikarafuu na minazi ni ya mtu mwengine na ardhi anailima mwengine. Kisima cha ushirika kikichimbwa kwenye eka ya mwanachama mmoja bila maandishi, siku akifariki warithi wanakuja na kufuli. Andikeni mkataba wa matumizi unaotaja kisima, njia ya bomba, njia ya kupita fundi na muda, mbele ya sheha na ofisi ya ardhi. Na mwenye minazi aandikwe pia, kwa sababu siku moja mtahitaji kuukata mmoja.

Leseni. Kujivutia maji wenyewe ni jambo moja. Mkianza kuuzia umeme nyumba za jirani mmeingia kwenye biashara inayosimamiwa na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa maji na nishati Zanzibar, na laini ni ya ZECO. Nendeni mkaulize kabla ya kuchimba shimo la nguzo. Na msiunganishe inveta yenu (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa laini) kwenye laini kienyeji: ZECO wakikata umeme kutengeneza, inveta isiyojizima inampelekea stima fundi aliye juu ya nguzo. Hapo tunazungumzia roho ya mtu.

Mkopo. Wanachama wengi hawataki riba na wana haki yao. Njia ni murabaha: benki yenye huduma za Kiislamu, PBZ ikiwemo, inanunua vifaa kisha inawauzia kwa bei inayojulikana na kulipwa kwa awamu. Ombeni awamu zifuate mavuno, kubwa msimu wa kuuza na ndogo masika. Ushirika uliosajiliwa, wenye vitabu vilivyokaguliwa, unasikilizwa. Kikundi chenye daftari la mwenyekiti tu hakisikilizwi.

---

Mwanafunzi_wa_Ushirika
Kwa anayedhani hili ni jambo geni: Marekani ya miaka ya 1930 mashamba mengi sana hayakuwa na umeme kwa sababu makampuni yaliona nyumba za wakulima ziko mbali mbali. Serikali ya Roosevelt ilianzisha wakala wa umeme vijijini mwaka 1935, ukakopesha vyama vya ushirika kwa riba ndogo vijenge laini. Na ilikopesha pia fedha za kutandaza nyaya majumbani na kununua vyombo, ili umeme ukifika uwe na wa kuutumia.

Hapa kwetu Tanzania, Urambo kule Tabora ushirika wa watumiaji ulianza kuzalisha mwaka 1994 kwa jenereta za dizeli, saa chache za jioni. Watu walipata mwanga, na hilo si dogo. Lakini mtambo unaowaka jioni kwa taa unauza kidogo mno, na dizeli ikipanda haukwepeki.

Dhundi kule Gujarat, India, wakulima sita walianza ushirika wa pampu za sola ulioungwa kwenye gridi. Siku wasiyohitaji maji wanaiuzia gridi umeme. Jambo zuri kwetu ni kwamba kule ulinzi wa kisima umefungwa na mfuko wa mkulima: maji asiyoyavuta yanamletea fedha.

---

Maji_ya_Chini
@Mwanafunzi_wa_Ushirika hilo la Dhundi lingewafaa sana Micheweni kule Pemba. Linahitaji ZURA na ZECO wakubali kununua kidogo kidogo kutoka kwa wakulima. Vyama viliombee kwa pamoja, kimoja kimoja havitasikika.

---

Stima_na_Mota
Niweke na ya vifaa, kwa sababu hewa ya bahari haisamehe. Reli za alumini zikifungwa kwa bolti za chuma cha kawaida zinaliwa mahali zinapokutana, tumieni stenlesi 316. Viunganishi vya MC4, vya nyaya za paneli, viwe vya aina moja pande zote mbili. Vya aina mbili vinashikana lakini havikazi, vinapata joto na kuyeyuka. Paneli zielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 ili mvua izioshe, na kiangazi zioshwe kwa maji baridi asubuhi mapema, si saa sita zikiwa moto.

Kivuli cha mnazi mmoja kikipita juu ya paneli moja, mstari wote unashuka nao. Ondokeni minazini, na dafu nalo likidondoka halichagui.

Mashimo ya waya kwenye boksi la kontrola yazibwe kabisa. Mijusi na sisimizi wanaingia kwenye joto, mjusi mmoja akigusa nyaya mbili bodi imekwisha. Kwa radi, kinga iwekwe upande wa paneli na upande wa pampu, na ethi (nondo ya kupeleka umeme ardhini) isipigwe kwenye maweni makavu; chimbeni mtaro kwenye udongo wenye unyevu, nondo mbili au tatu ziunganishwe.

---

Tungule_Kwanza
Nimeelewa zaidi kuliko nilivyotarajia. Lakini bado zamu. Nani anapata maji kwanza Januari kaskazi ikikauka?

---

MhasibuMwaminifu
@Tungule_Kwanza uza kwa mita ya maji, usiuze kwa saa. Saa ya asubuhi yenye wingu na saa ya mchana hazitoi maji sawa, na ugomvi mwingi wa zamu unatoka hapo. Kila shamba liwe na mita yake ndogo na chujio la mchanga kabla yake, vinginevyo mita inakwama na inahesabu pungufu.

Kila hisa iwe na kiwango chake cha chini kwa siku. Likibaki la ziada tangini saa kumi, linauzwa kwa anayelitaka, na asiyekuwa mwanachama alipe bei ya juu. Malipo kwa simu kwenye namba ya chama, asiguse mtu taslimu kisimani. Akiba ya pampu iwe akaunti ya peke yake yenye sahihi za watu watatu, mmoja awe nje ya kamati. Taarifa ya mwezi ibandikwe ukutani penye mtambo: maji yaliyouzwa, fedha iliyoingia, akiba ilipofikia, wanaodaiwa.

Na anayedaiwa miezi miwili vali yake ifungwe, akiwa mwenyekiti au mwanachama wa kawaida. Liandikeni hilo kwenye katiba kabla ya kununua paneli ya kwanza, wakati bado hakuna anayedaiwa.